Kinara cha kuunga au cha kuchovya? Kuchagua vinara vya fedha kutoka majumba ya Kiingereza

Mezani kwangu kuna vinara vinne vya mishumaa, jozi mbili. Jozi ya kushoto imepoa rangi, fedha yake ina ukijivu wa mwezi nyuma ya wingu, na kwenye kona za vitako wekundu wa shaba umeanza kuchungulia. Jozi ya kulia ni nyeupe pe, inameta, haina hata mkwaruzo. Nilimpigia mdogo wangu wa Morogoro kwa video nikamwonyesha zote. Hakuhitaji muda.

"Dada, hivyo vya kulia ndiyo fedha. Hivyo vingine ni shaba, wamekupiga."

Kuhusu shaba hajakosea. Lakini vyote vinne vimepakwa, hakuna hata kimoja cha fedha tupu, na jozi aliyoidharau ndiyo iliyonigharimu karibu mara tatu ya mwenzake. Zote nilizipata kwenye mnada mmoja, vitu vya jumba la kikabaila vilipokuwa vinauzwa, huku katikati ya Uingereza ninakoishi. Yeye anataka jozi ya kuweka mezani akiwa na wageni, na ya kuwasha kweli kweli umeme ukikatika, maana amechoka kugandisha mshumaa kwenye kisosi. Ikabidi niamue ipi inapanda ndege na ipi inabaki. Niliyoyapima ndiyo haya, yamfae yeyote anayeviangalia vinara vya namna hii mnadani au mtandaoni asielewe kwa nini viwili vinavyofanana vinapishana bei kiasi hicho.

Kipi kilitangulia, fedha au kinara?

Ukilishika swali hili moja, mengine yanajileta yenyewe.

Katika vinara vya kushoto, fedha ilitangulia. Mnamo mwaka 1743 hivi, fundi visu wa mji wa Sheffield aitwaye Thomas Boulsover aligundua kwamba bamba la fedha likilazwa juu ya donge la shaba na kupashwa moto, vitu hivyo viwili hushikana moja kwa moja, bila gundi wala risasi ya kuungia. Siri iko kwenye joto. Fedha peke yake huyeyuka kwenye nyuzi 962 hivi, shaba kwenye 1085, lakini pale zinapogusana mchanganyiko wao huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 779 tu. Fundi alisubiri aone fedha inaanza kutoka jasho pembeni, akatoa donge motoni upesi. Baada ya hapo lilipitishwa kwenye magurudumu ya chuma hadi likawa bati jembamba, na ajabu ni kwamba fedha na shaba zilinyooka pamoja kama wali na ukoko. Boulsover mwenyewe alitengeneza zaidi vifungo vya nguo na vitu vidogo vidogo. Mwenzake wa mji huohuo, Joseph Hancock, ndiye aliyeona kwamba bati hilo linaweza kuwa sufuria, birika na vinara. Baadaye Matthew Boulton, yuleyule aliyeshirikiana na James Watt kwenye injini za mvuke, akaifanya kazi hiyo kwa wingi kiwandani kwake Soho, nje kidogo ya Birmingham.

Kwa hiyo fundi wa kinara cha kushoto alipokea bati ambalo tayari lilikuwa na fedha juu. Akalikata, akaligonga kwenye kalibu, akalikunja, akaliunga. Kila alipokata, ukingo ulionyesha shaba, kama mkate uliokatwa unavyoonyesha ndani. Kazi yake kubwa ilikuwa kuficha.

Katika vinara vya kulia mambo yalikwenda kinyume. Kinara kilitengenezwa kwanza, kikakamilika, ndipo kikatumbukizwa kwenye pipa la maji ya sayanidi yaliyoyeyushiwa fedha, umeme ukapitishwa, fedha ikakivaa. Hati ya ugunduzi huo waliipata akina Elkington wa Birmingham mwaka 1840, na aliyewaonyesha njia ya sayanidi alikuwa tabibu mpasuaji wa mji huohuo, John Wright. Masonara wetu wana jina lake siku nyingi: ya kuchovya. Dhahabu ya kuchovya, cheni ya kuchovya, na hivi ni vinara vya kuchovya. Vya kushoto nitaviita vya kuunga. Katalogi za minada huviandika "Old Sheffield Plate", na watu wa biashara hufupisha OSP.

Baada ya 1840 kuunga hakukudumu. Kuchovya kulikuwa rahisi na kulitumia fedha kidogo, na kufikia miaka ya 1850 karakana za kuunga zilikuwa zimekwisha au zimehamia kwenye mapipa. Ndiyo maana kinara cha kuunga, hata bila tarehe, kwa kawaida kina umri unaozidi miaka 170.

Kuvisoma kwa macho, kwa kucha na kwa pumzi

Nianze na mshono. Shina la kinara cha kuunga lilikunjwa kutoka kwenye bati bapa, kwa hiyo lazima pawe na mahali ncha mbili zilipokutana. Ligeuze taratibu karibu na dirisha. Katika jozi yangu ya kushoto mstari unaonekana, mwembamba kama unywele, ukishuka upande mmoja wa shina. Katika jozi ya kulia hakuna kitu: kama mshono ulikuwepo, fedha imeufunika.

Kisha kingo. Pitisha kucha chini ya ukingo wa kitako. Mafundi wa kuunga walizungushia uzi wa fedha pembeni au walikunja ukingo kwa ndani ili shaba isionekane, na kucha hugota kwenye mkunjo huo. Kwenye kinara cha kuchovya kucha huteleza tu.

Alama ninayoipenda kuliko zote ni ya nembo. Makabaila walipenda kuchora nembo ya ukoo kwenye kila kitu, kuanzia mlango wa gari la farasi hadi kijiko. Sasa ukichora kwenye bati la kuunga, ncha ya kalamu inatoboa fedha na kukutana na shaba, na simba wa ukoo anakuwa mwekundu. Mafundi wakabuni njia: walipachika kipande kidogo cha fedha safi pale nembo itakapokaa, wakakisugua kwa moto mpaka kikazama na kulingana na bati. Kwa macho hukioni. Lakini kipumulie kama unavyopumulia miwani kabla ya kuifuta. Ukungu wa pumzi unapotoweka, kwa sekunde moja au mbili mipaka ya kipande hicho hujitokeza, mraba au duara kuizunguka nembo, kisha hupotea. Mara ya kwanza nilipoona nilipumua mpaka nikasikia kizunguzungu. Kinara cha kuchovya hakina haja ya ujanja huo.

Rangi nayo inasema, ila ina hila. Fedha ya kuunga kwa kawaida ina shaba kidogo ndani yake, kwa hiyo ina upole fulani. Fedha iliyotoka kwenye pipa la umeme ni safi mno, na weupe wake ni wa baridi. Hila ni kwamba vinara vingi vya kuunga vilipelekwa baadaye kuchovywa upya na watu waliokerwa na wekundu, na sasa vina weupe wa kizazi kingine juu ya mwili wa zamani. Thamani ya kinara kama hicho kwa mkusanyaji huporomoka. Ukiona mshono upo, ukingo umekunjwa, lakini rangi ni kali kama ya jana, ujue kimechovywa.

Na wekundu peke yake si ushahidi. Hapa ndipo wengi wanaliwa. Mtu amesoma mahali kwamba vinara vya kuunga huonyesha shaba, basi akiona shaba analipa. Lakini vipo vinara vingi vya kuchovya ambavyo chini yake ni shaba vilevile, vikatengenezwa kwa kuiga mitindo ya zamani, na vikichuja vinakuwa vyekundu vivyo hivyo. Tafuta mshono na ukingo kwanza. Rangi iwe shahidi wa tatu.

Vya kuchovya vingi, pamoja na vyangu, chini yake si shaba nyekundu bali ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki. Wafanyabiashara waliuita fedha ya nikeli, na ndani yake hamna fedha hata chembe. Uzuri wake ni kwamba ni mgumu na ni mweupe, kwa hiyo fedha ikichuja hauaibiki upesi. Utaona manjano hafifu tu kwenye sehemu zilizosuguliwa sana. Kuna na aina ya tatu, ya madini ya bati yaliyochanganywa na antimoni. Hiyo ni laini, hubonyea ukiitazama vibaya, na kuichovya upya ni shida. Alama yake ni herufi EPBM chini ya kitako; ukikutana nazo, mimi ningeacha.

Herufi zinazojifanya mihuri

Fedha tupu ya Kiingereza hupigwa mihuri na ofisi za kupima madini zinazotambuliwa kisheria: simba anayetembea maana yake ni kwamba sehemu 925 kati ya 1000 ni fedha, kisha hufuata alama ya mji, nanga kwa Birmingham, taji kwa Sheffield hadi miaka ya sabini ya karne iliyopita, na herufi ya mwaka. Vitu vya kupakwa haviruhusiwi kuwa na mihuri hiyo. Watengenezaji wa kuchovya wakaandika EPNS, yaani fedha ya nikeli iliyochovywa kwa umeme. Kufikia hapo hamna ubaya. Ila wengi waliweka kila herufi ndani ya kingao chake kidogo, E peke yake, P peke yake, N, S, zikapangana kwa safu nzuri kabisa. Kwa mbali, na bila miwani, ni mihuri ya fedha.

Mwaka wangu wa kwanza huku nilinunua jozi ya namna hiyo kwenye soko la wazi la Jumapili. Muuzaji hakunidanganya, alininyamazia tu, na mimi nilikuwa na haraka ya kuonekana ninajua.

Mtego mwingine ni jina la mji. Kinara kilichoandikwa "Sheffield Plate" chini yake, kwa maneno, karibu kila mara ni cha kuchovya na si cha zamani sana. Mafundi wa kuunga walikuwa na haki ya kusajili alama zao Sheffield kuanzia 1784, na baadhi zinajulikana sana, kwa mfano jua la Boulton. Lakini vinara vingi vya kuunga havina alama yoyote. Na ukiona neno "England", fikiria 1891 na kuendelea, kwa sababu ndipo Marekani ilipoanza kudai bidhaa zinazoingia kwake ziandikwe nchi zilikotoka.

Kwa hiyo kinara kitupu, bila herufi, kinaweza kuwa na thamani kuliko kilichojaa maandishi. Mdogo wangu alipoambiwa hivi alicheka. "Yaani kisicho na cheti ndicho kilichosoma?"

Je, fedha tupu si bora kuliko vyote?

Nililiuliza hata mimi, na ni swali la haki, maana jozi ya vinara vya fedha tupu huonekana mnadani mara kwa mara. Ila Sheffield ilikuwa bingwa wa jambo jingine tena: vinara vya fedha halisi vilivyogongwa kwa bati jembamba sana, halafu ndani vikajazwa lami, utomvu au plasta, pamoja na fimbo ya chuma ya kushikilia shina. Unakinyanyua, kizito, moyo unaruka. Uzito huo mwingi ni wa lami. Katalogi ya kweli itaandika kwamba kitako kimejazwa na haitataja uzito wa fedha. Asiyejua anapima kwenye mizani, anapiga hesabu ya bei ya fedha kwa gramu, anajiona amevuna.

Vya kumimina, ambavyo ni fedha nzito hadi ndani, vilitengenezwa hasa London katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1700, na bei yake haina uhusiano na mshahara wangu. Nikaachana na mlango huo. Kati ya bati jembamba la fedha lililojaa lami na kinara imara cha nikeli kilichochovywa vizuri, kwa mtu anayekwenda kukiwasha, nikeli inashinda. Bati jembamba likitoboka kwenye pembe, na hutoboka, kuziba kunahitaji sonara mvumilivu na moto ambao lami ya ndani haiupendi.

Vya kuunga navyo hujazwa, tusisahau. Geuza kinara: chini utakuta kitambaa cha kijani kilichogandishwa, na nyuma yake ndimo lami ilimo.

Jina la jumba lina bei gani?

Maneno "kutoka jumba la mashambani" yamechakaa kwenye matangazo ya kuuza vitu vya kale. Majumba ni mengi, na mengine yalikuwa nyumba tu yenye bustani. Kuna minada iliyostahili jina: Mentmore Towers, jumba lililojengwa na akina Rothschild, vitu vyake viliuzwa mwaka 1977 na nyumba ya mnada ya Sotheby's baada ya serikali kukataa kulinunua na vyote vilivyomo kwa pauni milioni 2, na mnada ukaleta zaidi ya milioni 6. Mwaka 2010 kwenye jumba la Chatsworth nako walishusha vitu vya kwenye dari na maghala, watu wakagombania hata vya kawaida kwa ajili ya jina. Kitu kilichopita kwenye mnada kama huo huwa na namba yake kwenye katalogi iliyochapishwa, na mara nyingine kikaratasi bado kimebandikwa chini. Hiyo lipia, kama unaipenda. Nembo peke yake haitoshi, maana koo nyingi za Kiingereza zilitumia nembo zinazofanana, na nembo huchorwa na kufutwa kama jina kwenye daftari la madeni.

Jozi zangu zina karatasi ya mnada, lakini jumba halina umaarufu, na sikulilipia hata senti. Hata hivyo kuna kitu jumba limeziachia. Moja ya vya kulia ina tundu dogo lililozibwa pembeni ya kitako. Umeme ulipoanza kuingia kwenye majumba haya, Cragside kule Northumberland ikiwa ya mwanzo kabisa, kwa nguvu ya maji, mwaka 1878 na 1880, vinara vingi vilitobolewa kupitisha waya vikageuzwa taa. Kisha mtu akabadili mawazo. Tundu la namna hiyo hushusha bei sana kwa kinara cha kuunga, kidogo tu kwa cha kuchovya. Lipapase kwa kidole kabla hujanyoosha mkono mnadani.

Kagua pia kile kisahani kidogo cha juu kinachodaka nta. Hutoka, kwa hiyo hupotea. Viwili vikitofautiana urembo, kimoja ni cha kuazima. Na nunua jozi. Kimoja kimoja kina bei ya chini sana, na kukitafutia mwenzake ni kazi ya miaka. Juu ya bei ya nyundo, yaani ile mnadi anayofungia mnada, ongeza ada ya nyumba ya mnada, mara nyingi asilimia 20 hadi 30, ambayo wageni huisahau mpaka wafike dirishani kulipa.

Kuishi navyo

Jozi ya kushoto haitaki kusuguliwa. Fedha yake ni ile iliyounganishwa siku ya kwanza, kila unaposugua unaimaliza, na hairudi. Kitambaa laini, mara chache kwa mwaka, basi. Ya kulia inavumilia zaidi, na ikichuja kabisa inapelekwa kuchovywa upya bila mtu kulia.

Zote hazitaki kuzamishwa kwenye maji ya moto. Nta ikigandia, watu hukimbilia birika. Lami ya ndani inalainika, na baada ya hapo kinara kinasimama kama mlevi. Mimi huipuliza nta kwa mashine ya kukaushia nywele, kwa mbali, ikilegea naiondoa kwa ukucha wa kidole gumba. Kisu usithubutu. Kwa kuhifadhi, usivifunge kwa raba wala usiviweke karibu na mayai au sufu: salfa ndiyo inayoitia fedha weusi, na hivyo vyote vinayo.

Basi uamuzi wangu. Anayetaka kitu cha kuangalia, cha kusimulia, na haogopi wekundu, achukue cha kuunga chenye mshono unaoonekana na fedha yake ya asili, hata kama kona zimechuja, na akikatae kilichochovywa upya. Anayetaka kuwasha, kufuta, kumwachia binti wa kazi akisafishe bila kumsimamia, achukue cha kuchovya juu ya nikeli, cha miaka ya mwisho ya 1800, kizito na chenye umbo zuri, na asilipe bei ya historia. Kwenye minada midogo niliyohudhuria, jozi kama hiyo hupatikana kwa makumi ya pauni. Ya kuunga iliyo safi huvuka mia kwa urahisi.

Ya kulia ndiyo iliyokwenda Morogoro, kwenye begi la mkono, kila kimoja kimeviringishwa kwenye kanga. Mdogo wangu aliridhika: alichagua fedha, akapata fedha. Malalamiko yalikuja wiki ya pili. Mishumaa ya dukani kwao ni myembamba, inayumba ndani ya matundu yaliyotengenezewa mishumaa minene ya meza ya Kiingereza. Nikamwambia achukue karatasi ya fedha ya kwenye pakiti ya sigara, azungushie kitako cha mshumaa mara mbili au tatu, ausukume taratibu. Alinitumia picha usiku huohuo, umeme umekatika, mwali umesimama wima, na karatasi ya sigara inachungulia kwenye ukingo wa tundu, inang'aa kuliko kinara chenyewe.